PARES: kabati la makarani wa mfalme wa Uhispania

Hakuna duka la vitabu litakalokupa kuhusu historia ya jamii zinazosema Kihispania, kuanzia Sevilla hadi Lima na Manila, kile ambacho PARES inakitoa bure. Hili ni lango la mtandaoni la hifadhi za nyaraka za serikali ya Uhispania, lililo chini ya Wizara ya Utamaduni ya nchi hiyo tangu mwaka 2007. Kusoma hakuna ada wala kujisajili, na picha za kurasa ni makumi ya mamilioni. Hata hivyo wengi huingia, wakaandika neno kama "utumwa" kwa Kihispania, wakapata matokeo maelfu yasiyo na kichwa wala miguu, wakafunga ukurasa. Lawama si yao peke yao. Lango hili halikupangwa kwa mada, limepangwa kwa ofisi. Ukitaka likufae, usijiulize karatasi inahusu nini. Jiulize ni karani gani aliyeiandika, alimwandikia nani, na jibu lilirudi kupitia meza ipi.

La kwanza kulijua: kisanduku cha kutafutia hakisomi kurasa zenyewe. Kinasoma maelezo yaliyoandikwa na watunza nyaraka, wengine wa juzi, wengine wa zamani sana. Bunda moja limeelezwa karatasi kwa karatasi; jirani yake limepewa mstari mmoja tu, "Cartas y expedientes", yaani barua na majalada, na humo ndani mna miaka ishirini ya barua za gavana. Kwa hiyo kukosa matokeo si ushahidi kwamba karatasi haipo. Na maneno ya kutafutia yawe ya Kihispania cha ofisi, hata kama umechagua kurasa za lango zionyeshwe kwa lugha nyingine, kwa sababu maelezo ya nyaraka yenyewe ni ya Kihispania.

Chini ya mwavuli huu kuna hifadhi kadhaa, na kuzichanganya ndilo kosa la pili. Barcelona ipo hifadhi ya Taji la Aragón, iliyoanzishwa mwaka 1318. Huko ndiko kwa kuwatafuta Waislamu na Wayahudi walioishi chini ya wafalme Wakristo wa Aragón na Valencia. Simancas, ngome iliyo karibu na Valladolid, ina karatasi za serikali kuu kuanzia karne ya 15 na 16. Madrid ipo Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa, yenye mafaili ya Baraza Kuu la Inkwizisheni, mahakama ya dini iliyowasaka wazushi, na yale ya wizara ya makoloni ya karne ya 19: Kuba, Puerto Rico na Ufilipino. Anayefuatilia kukomeshwa kwa utumwa Puerto Rico (1873) au Kuba (1886) akiganda Sevilla atapoteza wiki nzima, maana karatasi zake nyingi ziko Madrid.

Sevilla ndiyo roho ya yote. Hifadhi Kuu ya Indias, jina ambalo Wahispania waliyapa makoloni yao ya ng'ambo, ilianzishwa mwaka 1785 kwa amri ya Carlos III ili karatasi za Amerika na Ufilipino, zilizokuwa zimetawanyika Simancas, Cádiz na kwingineko, ziwekwe pamoja. Jengo ni soko la zamani la wafanyabiashara, lililochorwa na Juan de Herrera. Ndani kuna mabunda takriban 43,000 yenye kurasa kama milioni 80, na ramani na michoro takriban 8,000. Kazi ya kuzipiga picha ilianza miaka ya 1980, matayarisho ya kumbukumbu ya mwaka 1992 ya miaka 500 ya safari ya Columbus, na bado sehemu kubwa haijafikiwa. Fungu liitwalo Patronato, lililokusanya hati za uvumbuzi, ushindi wa kivita na madai ya askari, limeshapigwa picha karibu lote. Mafungu mengine yana mashimo. Kabla ya kujifurahisha na matokeo, chuja yabaki yale yenye picha tu, kisha rudi uangalie yasiyo na picha ili ujue unakosa nini.

Fungu kubwa liitwalo Gobierno, yaani utawala, limegawanywa kwa audiencia, mahakama kuu za mikoa zilizokuwa pia na sauti serikalini: Santo Domingo, México, Guatemala, Lima, Charcas, Quito, Filipinas na nyinginezo. Hapa mipaka ya leo inadanganya. Florida na Louisiana, ambazo sasa ni Marekani, ziko ndani ya Santo Domingo. Anayetafuta Gracia Real de Santa Teresa de Mose, kijiji cha Waafrika waliotoroka utumwa wa Waingereza Carolina na kupewa uhuru na gavana wa Florida mwaka 1738, asifungue México. Afungue Santo Domingo. Bolivia ya leo iko Charcas. Caracas haikupata audiencia yake hadi 1786, kwa hiyo barua nyingi za Venezuela za kabla ya hapo ziko kwa wengine. Jambo lisilohusu mkoa mmoja hutupwa katika Indiferente, kapu la kila kitu, na mara nyingi ndimo zilimo amri za jumla. Ukiwa na tarehe na mji, tafuta kwanza mji huo ulikuwa chini ya audiencia gani mwaka ule. Kazi hiyo ya dakika kumi inaokoa siku.

Kila hati ina alama yake, kwa mfano ES.41091.AGI//PATRONATO,253,R.1. ES ni Uhispania, 41091 ni namba ya mji wa Sevilla, AGI ni hifadhi, Patronato ni fungu, 253 ni bunda, na R ni ramo, tawi la bunda. Utakutana pia na N (namba), L (kitabu) na F (folio). Folio ni karatasi yenye pande mbili: r ni mbele, v ni nyuma. Kwa hiyo F.12v si ukurasa wa 12, ni upande wa nyuma wa karatasi ya 12, na ukihesabu picha utajikuta mahali pengine kabisa. Andika alama hiyo daftarini tangu mwanzo. Kiungo cha orodha ya matokeo hufa kikao kikiisha muda, alama haifi.

Mfano huo wa Patronato 253 sikuuchagua ovyo, maana unafaa kuwa somo la kwanza. Ndani yake yumo Miguel de Cervantes, kabla dunia haijamjua kwa vitabu. Alijeruhiwa vitani Lepanto mwaka 1571, akawa mateka Algiers tangu 1575 hadi 1580. Mei 1590 alimwomba mfalme moja ya nafasi nne zilizokuwa wazi Indias: uhasibu wa Ufalme Mpya wa Granada (Kolombia ya leo), ugavana wa Soconusco, uhasibu wa merikebu za makasia za Cartagena, au ukuu wa wilaya ya La Paz. Ombi limeambatana na ushahidi aliokusanya Algiers, mashahidi wakieleza mwenendo wake utumwani. Jibu la Juni 6 ni mstari mmoja: "Busque por acá en que se le haga merced", yaani atafute huku huku jambo la kufadhiliwa. Bunda zima la maumivu, na uamuzi hauzidi pumzi moja. Huo ndio muundo wa maelfu ya maombi mengine: kwanza ombi, kisha orodha ya maswali, kisha mashahidi, na amri pembeni au nyuma ya karatasi. Soma pembeni na nyuma kwanza, ndipo ujue kama kesi ilikwenda popote.

Mashahidi wanataka tahadhari. Upande wenye kesi ndio uliotunga maswali yenye namba, na kila shahidi aliulizwa yale yale: "kwa swali la kwanza alisema…" Karani alikuwa akinakili maneno ya swali ndani ya jibu. Kwa hiyo mashahidi kumi wakisema kwa maneno mamoja kwamba fulani "aliingia mjini kwa gharama yake, na silaha na farasi wake", hujapata ushahidi kumi. Umepata swali moja na vichwa kumi vilivyokubali. Tafuta pale shahidi anapotoka nje ya mstari, anapoongeza jina la mto, bei ya nyumbu au ugomvi wa jirani. Hapo ndipo mtu anasema mwenyewe. Mwishoni huwekwa umri wake na kama alijua kutia sahihi, na kabla ya maswali ya kesi aliulizwa kama ni ndugu au adui wa wahusika. Wenyeji wa Amerika na Waafrika wanasikika zaidi katika kesi za namna hii kuliko katika barua za magavana, hasa katika residencia, uchunguzi aliofanyiwa kila mtawala akimaliza muda wake. Residencia utazikuta katika mafungu ya Justicia na Escribanía de Cámara. Ila wengi walisema kupitia mkalimani, na Kihispania unachokisoma ni cha karani.

Huduma inayopendwa kuliko zote ni orodha ya abiria waliokwenda Indias. Casa de la Contratación, ofisi iliyoanzishwa Sevilla mwaka 1503 na kuhamishiwa Cádiz mwaka 1717, ndiyo iliyosimamia vibali. Kila abiria ana mstari wenye sura ile ile: jina, mzaliwa wa mji fulani, mtoto wa fulani na fulani, anakwenda Peru au México, tarehe. Wengine wana pia jalada la ushahidi kwamba hawatokani na Wayahudi wala Waislamu waliobadili dini, maana hao walikatazwa kuvuka. Tafuta kwa jina la ukoo pamoja na mji wa kuzaliwa, funga miaka, na chagua hifadhi ya Sevilla peke yake.

Mitego ya hapo ni mingi. Tahajia haikuwa imetulia: Ximénez ni Jiménez, b na v hubadilishana, Cristóbal huandikwa Xpoval. Majina ya ukoo hayakurithiwa kwa kanuni moja. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kwa sababu mmoja alichukua la bibi. Wanawake walibaki na majina yao. Tarehe ni ya kibali, si ya kung'oa nanga. Aliyeitwa "criado", mtumishi wa fulani, pengine alikuwa binamu au mtu aliyelipia nafasi hiyo. Na wengine hawamo kabisa kwa sababu walizamia, kama wanavyozamia meli vijana wa leo. Wahispania waliwaita llovidos, walioshushwa na mvua: ghafla wako bandarini, hakuna anayejua walipandia wapi. Usipomwona babu wa mtu katika orodha, usiseme hakwenda. Mtafute katika majalada ya mali za marehemu, bienes de difuntos, ambamo mali ya aliyefia Indias ilipigwa mnada na fedha kurudishwa kwa warithi. Orodha za minada hiyo zinataja mashati, sufuria, madeni na watu waliouzwa, na zinaonyesha maisha ya kila siku kuliko barua zote za maaskofu.

Sasa mwandiko. Picha nyingi za awamu ya kwanza ni za rangi ya kijivu na si kali. Wino wa chuma umepenya karatasi, kwa hiyo unaona maandishi ya upande wa pili kama kivuli. Katika kitazamio ongeza mwanga kwanza, ndipo upandishe utofauti wa weusi na weupe. Ukianza na utofauti, kivuli nacho kinakuwa cheusi na mambo yanaharibika zaidi. Mwandiko wa karne ya 18 mtu mwenye Kihispania cha kawaida anausoma ndani ya siku chache. Ule wa mahakamani wa karne ya 16, procesal, ni uzi mmoja usiokatika, na sababu yake ni pesa: makarani walilipwa kwa ukurasa, wakatanua herufi zijaze karatasi. Malkia Isabel mwaka 1503 aliamuru kila ukurasa uwe na mistari 35 na kila mstari maneno 10. Ukihesabu kurasa za baadaye utaona waliosikia walikuwa wachache. Usianzie huko. Anza na barua rasmi za viongozi, zilizonakiliwa kwa mkono mzuri, na ujifunze vifupisho vichache vinavyorudi kila mstari: dho ni dicho (aliyetajwa), q ni que, VM ni Vuestra Majestad, mrs ni maravedís (sarafu ndogo iliyotumika kuhesabia). Programu za kusoma miandiko ya kale zinasaidia kwa rasimu, lakini hukosea majina na tarakimu, yaani hivyo hasa unavyovihitaji.

Tarakimu zina uchawi wao. Alama ya elfu inafanana na herufi U, hivyo 20U ni 20,000. "Cuento" katika hesabu si hadithi, ni milioni. Real moja ni maravedí 34, peso ya reale nane ni 272, dukati ni 375. Ila peso ensayado ya Peru ni 450, na mtu akigeuza fedha za Potosí, mji wa migodi ya fedha katika Bolivia ya leo, bila kuangalia ni peso ipi, hesabu yake inapotoka kwa zaidi ya nusu. Mshahara wa maravedí 100,000 ni dukati 266 na ushee, au peso 367 na ushee za reale nane.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati yake. Kihispania cha forodhani na sokoni kilikopa Kiarabu sawa na sisi. Arroba, ratili 25 au kilo 11.5 hivi, ni "robo" yetu, robo ya quintal ya ratili 100. Azúcar ni sukari. Aduana, forodha, ni diwani. Alcalde ametoka kwa kadhi, ingawa kazi yake ni ya hakimu na kiongozi wa mji, si ya sharia. Na hiyo peso ya reale nane, iliyopigwa kwa fedha ya Meksiko na Potosí, ilifika hadi kwetu: Zanzibar ya karne ya 19 iliijua kama reale ya mizinga, kwa sababu nguzo mbili za Hercules zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga.

Je, Mombasa imo? Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati Felipe II wa Uhispania alikuwa pia mfalme wa Ureno, na muungano huo ulidumu 1580 hadi 1640. Wengi huja na matumaini makubwa kwa sababu hiyo. Wayapunguze. Ureno iliendelea kutawala mali zake kwa ofisi zake, kwa hiyo karatasi za Mombasa na Msumbiji ni za kutafuta Lisbon na Goa. Zilizopo upande wa Uhispania ni mashauri ya baraza la Ureno, yaliyo Simancas katika fungu la Secretarías Provinciales, na humo pwani yetu inapita kwa mbali tu. Njia yenye matunda zaidi ni ya Manila. Wareno walipeleka huko watumwa kutoka Msumbiji, na baadhi walivushwa hadi Acapulco kwa merikebu zilizofanya safari hiyo tangu 1565 hadi 1815. Makarani waliwaita cafres, neno lililotoka kwenye Kiarabu kile kile kilichotupa kafiri. Tafuta kwa "cafre" na "Mozambique" katika Filipinas na México. Na ukikuta "chino" Acapulco usiandike Mchina: aliitwa hivyo karibu kila aliyeshuka kwenye merikebu ya Manila, awe Mfilipino, Mhindi au mtu wa visiwa vingine.

Kwa tarehe, kumbuka Uhispania iliruka kutoka Oktoba 4 hadi 15 mwaka 1582, na Amerika ikafuata baadaye kidogo. Barua mbili za miaka hiyo zinazogongana kwa siku kumi si lazima mmoja awe mwongo.

Kisichokuwamo ni vitabu vya ubatizo na ndoa, vilivyobaki makanisani, na mikataba iliyothibitishwa na makarani wa miji, iliyobaki kwenye nchi zenyewe. Inkwizisheni ya México (iliyoanzishwa 1571) iliacha karatasi zake nyingi Meksiko. Za Lima (1570) na Cartagena (1610) zisomwe kwa muhtasari uliopelekwa Madrid. Mtu anayeandika historia ya kijiji kwa PARES peke yake anaandika historia ya kijiji kama mfalme alivyoandikiwa. Kasoro hiyo haitatibiwa na lango lolote, lakini lango lingeweza kusema wazi zaidi, katika ukurasa wa kwanza, ni mafungu gani yamepigwa picha na kwa kiasi gani. Kwa sasa unagundua kwa kugonga mlango mmoja mmoja.

Sevilla kwenyewe kuingia ni bure, na chumba cha kusomea kiko jengo la ng'ambo ya barabara, La Cilla. Usisafiri kwa ajili ya hati iliyokwisha pigwa picha: utaelekezwa kwenye skrini, si kwenye karatasi.

Anayeanza leo bila kujua kusoma mwandiko wowote aanze na fungu la Mapas y Planos, kwa alama kama MP-MEXICO, MP-PANAMA au MP-FILIPINAS. Picha za humo ni za rangi, na nyingi za ramani hizo zilitolewa ndani ya mabunda ya kesi na barua. Zimo zilizochorwa na wenyeji wenyewe, nyayo za miguu zikionyesha njia na kilima kikiwa ndicho jina la mji. Maelezo ya ramani husema ilitolewa bunda gani. Nakili alama hiyo, fungua bunda lenyewe, na usome barua iliyokuja na mchoro: nani aliyeudai, shamba lilikuwa la nani, na ng'ombe wa nani waliingia kwenye mahindi.